Kiwanja Huku, Basi Kule: Jinsi Dar es Salaam Ilivyotapakaa

Sultani Majid bin Said wa Zanzibar alipoanza kujenga mji jirani na kijiji cha Mzizima, katika miaka ya 1860, mji wenyewe ulikaa kwenye ukingo mmoja wa bandari, na mtu aliumaliza kwa miguu yake. Leo mwenye kibarua Kariakoo na makazi Chanika huamka saa 10 alfajiri, na mvua ikinyesha huamka mapema zaidi. Kati ya mji ule na huu kuna karne moja na nusu ya maamuzi, mengi yakiwa ya nia njema, na takriban kila moja liliusukuma mji nje kidogo.

Husemwa kwamba Dar es Salaam imetanuka kwa sababu watu ni wengi. Ni wengi kweli. Sensa ya 1967 ilihesabu wakazi wapatao 273,000, ya 1988 ikakuta milioni 1.36, na ya 2022 ikafikia 5,383,728. Wingi huo unaeleza kwa nini jiji limekuwa kubwa. Hauelezi kwa nini limelala chini, nyumba ya chini baada ya nyumba ya chini, hadi Pugu, Bunju na Kongowe, kisha likavuka mpaka wa mkoa na kuingia Mkuranga, Kibaha na Bagamoyo. Hilo limo katika historia ya mambo mawili ambayo ofisi zetu zimezoea kuyashughulikia mbalimbali: nani anapata kiwanja wapi, na nani anapanda gari gani.

Majid alifariki mwaka 1870 na mji ukasinzia mpaka Wajerumani walipoushika. Mwaka 1891 waliuhamishia makao makuu ya koloni lao kutoka Bagamoyo, na mwaka huohuo wakatoa kanuni za ujenzi zilizotenga sehemu ya majengo ya kizungu na sehemu ya nyumba za udongo na makuti. Mwaka 1905 ujenzi wa Reli ya Kati ukaanza kuelekea Morogoro. Waingereza walipouteka mji mwaka 1916 walikuta mgawanyo umeshaanza, nao wakaukamilisha: Wazungu kwenye upepo wa bahari, hadi Oyster Bay, Wahindi katikati, penye maduka, Waafrika Kariakoo na baadaye Ilala. Kati ya Uhindini na Kariakoo uliachwa uwanja mtupu wa Mnazi Mmoja, ili watu wasikaribiane, kwa kisingizio cha afya.

Nautaja uwanja huo kwa makusudi, kwa sababu ni mfano wa mapema wa ardhi ya mji huu kutumiwa kuwatenga watu, na tabia hiyo haikuondoka na wakoloni. Baada ya Vita Kuu ya Pili, mpango kabambe wa mwaka 1949, uliochorwa na kampuni ya Sir Alexander Gibb, uliacha kutaja rangi ukaanza kutaja ujazo: maeneo ya ujazo mdogo, wa kati na mkubwa. Maneno yalibadilika, bustani kubwa za Oyster Bay zikabaki zilivyokuwa. Serikali huru ilirithi vipimo hivyo vya viwanja karibu kama vilivyo, na kwa miongo mingi kiwanja kipana kikaendelea kuwa alama ya mtu aliyefanikiwa.

Pamoja na ubaguzi ule, Kariakoo ilijengeka vizuri kuliko wachoraji walivyokusudia. Nyumba yake, ile tunayoiita nyumba ya Kiswahili, ilikuwa na vyumba sita, vitatu huku na vitatu kule, ukumbi mwembamba katikati ukielekea uani, na uani kukawa na jiko, bafu na choo. Mbele palikuwa na kibaraza cha kuuzia vitumbua asubuhi na kuzungumzia jioni. Mwenye nyumba alikaa chumba kimoja au viwili, vingine akapangisha. Juu ya kiwanja kimoja kidogo waliishi watu 10, 15, hata zaidi, na nyumba yenyewe ni ya chini. Mpangaji alikwenda bandarini, sokoni au stesheni kwa miguu na kurudi kula mchana. Palikuwa na msongamano, na mvua za masika zilileta adha zake, sitaki kupamba. Lakini mji wa namna ile ulihitaji mabasi machache na haukula mashamba ya watu.

Uhuru ulipokuja, Serikali ya Mwalimu Nyerere ilikataa ardhi igeuzwe bidhaa ya wachache. Mwaka 1963 umiliki binafsi wa kudumu ulifutwa, ardhi yote ikawa ya umma, na wananchi wakabaki na haki ya kuitumia. Shirika la Nyumba la Taifa, lililoanzishwa mwaka 1962, lilibomoa vibanda vya Magomeni na kwingineko na kujenga nyumba imara mahali palepale. Wakazi walibaki mtaani kwao, jirani na kazi zao. Ila kila nyumba mpya ilidai nyumba ya zamani ibomolewe kwanza, hivyo vyumba havikuongezeka sana, na vijana kutoka mikoani waliendelea kumiminika.

Kisha ikaja mwaka 1971. Sheria ya Utwaaji wa Majengo ilichukua majengo ya kupangisha yenye thamani ya shilingi 100,000 na kuendelea, yakawekwa chini ya Msajili wa Majumba. Madhumuni yalikuwa kumwondoa mnyonyaji aliyeishi kwa kodi za wengine, na siwezi kuyabeza, maana unyonyaji ulikuwepo. Lakini tazama matokeo yake kwa ramani ya jiji. Tangu siku ile, mwenye fedha hakuwa na sababu ya kujenga ghorofa ya wapangaji mjini, na kwa miaka mingi katikati ya Dar es Salaam hapakuongezeka majengo mengi mapya ya kuishi. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 halmashauri za miji zilivunjwa, zikarudi mwaka 1978, na kwa hiyo wakati jiji lilipokua kwa kasi kubwa kabisa halikuwa na serikali yake lenyewe. Mwaka 1973 ikaamuliwa makao makuu yahamie Dodoma, na macho ya wapangaji miji yakageukia huko.

Benki ya Nyumba ilianzishwa mwaka huohuo, lakini wengi hawakuifikia, nayo ilifungwa katika miaka ya 1990. Naomba msomaji aliangalie jambo hili kwa utulivu, kwani kwangu ndilo kiini cha mambo yote yanayofuata. Mtu asiye na mkopo hujenga kwa mshahara, yaani kidogo kidogo: mwezi huu tripu moja ya mchanga, mwezi ujao mifuko mitano ya saruji, mwakani msingi, mwaka wa tatu kuta, kisha pagala linakaa linasubiri mabati. Nyumba ya chini inawezekana kujengwa hivyo. Ghorofa haiwezekani, huwezi kununua ghorofa ya nne kwa mifuko mitano mitano. Anayejenga kidogo kidogo anahitaji kiwanja chake peke yake, na kiwanja anachokimudu kiko mbali. Kwa njia hiyo kukosekana kwa mkopo wa nyumba kulilitandaza jiji kuliko ramani yoyote iliyowahi kuchorwa.

Lipo jaribio moja la enzi hizo linalostahili pongezi. Mwaka 1972 Serikali iliacha sera ya kupeleka tingatinga kwenye makazi holela ikaamua kuyaboresha, na kuanzia mwaka 1974, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, vilipimwa viwanja Sinza, Kijitonyama na Mikocheni, huku Manzese ikitiwa barabara, maji na taa. Viwanja vingi vya Sinza vilikuwa vidogo na mitaa yake ilinyooshwa kabla ya mtu kuhamia. Leo pita pale: nyumba za chini zinageuzwa ghorofa moja baada ya nyingine, maduka yako mbele, gari la taka linafika, na daladala ziko hatua chache kutoka mlangoni. Ilitosha kupima mapema, kwa kiasi, karibu na barabara kuu. Mradi ulifikia ukomo mwanzoni mwa miaka ya 1980 na haukupata mrithi wa kiwango chake.

Sasa twende kwenye magari. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1940 mabasi ya mji yalikuwa ya kampuni binafsi ya DMT. Ilitaifishwa, na mwaka 1974 ikagawanywa: KAMATA ikabeba safari za mikoani, UDA ikabaki na jiji. UDA ilikuwa na nauli nafuu na mzigo mkubwa kuliko mabega yake. Bei ya mafuta ilipanda, vita vya Kagera vikala fedha, na fedha za kigeni za kununulia vipuri zikaadimika. Mabasi yakalala gereji. Vituoni watu wakajazana, na zikaingia gari zilizobeba abiria kwa wizi, pick-up na malori madogo yenye mabenchi mawili yanayotazamana, watu wakiziita chai maharage. Askari walizikamata, kesho yake zikarudi, kwa sababu mfanyakazi lazima afike kazini.

Mwaka 1983 Serikali ilikubali yaishe, ikaruhusu watu binafsi kusafirisha abiria. Ndipo zilipozaliwa daladala. Mwaka uleule, kwa mkono mwingine, ilikuwa ikiendesha kampeni ya Nguvu Kazi ya kuwakamata watu wasio na kazi rasmi na kuwarudisha vijijini. Kampeni hiyo haikuzuia mji kukua. Daladala, kwa upande wake, iliuonyesha mji pa kukulia.

Utaratibu wake ni huu. Mwenye gari humkabidhi dereva gari na kumtaka hesabu, kiasi maalumu cha fedha kila jioni. Kinachozidi baada ya mafuta ndicho chakula cha dereva na konda. Dereva wa namna hiyo haondoki kituoni mpaka gari lijae, haendi mahali pasipo na abiria wa kutosha, na hapiti barabara itakayovunja springi. Basi akafuata lami: Barabara ya Morogoro, ya Pugu ambayo leo ni Nyerere, ya Kilwa na ya Bagamoyo. Watu wakajenga kandokando ya lami hizo nne kwa sababu ndiko daladala zilikopita, na daladala zikasogeza mwisho wa safari mbele kwa sababu ndiko watu walikojenga. Majina ya vituo yanaonyesha mwendo huo: Kimara Mwisho haijawa mwisho wa chochote kwa miaka mingi, na baada yake ikaja Mbezi Mwisho. Katikati ya barabara hizo nne yalibaki mashamba ya mikorosho na minazi, mabonde na machimbo ya mchanga. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 2000 bodaboda na bajaji ziliingia kwa wingi, zikaweza kupita pasipopitika, na mashamba hayo nayo yakaanza kukatwa viwanja.

Ukataji wenyewe hauna siri, na hakuna anayeishi pembezoni mwa jiji asiyewahi kuushuhudia. Mwenye shamba, mara nyingi mzee aliyerithi mikorosho, anatembea na mnunuzi. Dalali yuko, mashahidi wa pande zote mbili wako, na majirani wa mipaka wameitwa. Mtu mzima anahesabu hatua: 20 kwa 20, au 15 kwa 20 kwa mwenye mfuko mdogo. Pembeni panachomekwa minyaa. Wanarudi ofisi ya serikali ya mtaa, karatasi ya mauziano inaandikwa, inagongwa muhuri, ofisi inapata chake, watu wanapeana mikono. Amani kabisa, wala si watu wakorofi wanaovunja sheria kwa kiburi. Wamejiundia utaratibu kwa sababu foleni ya kiwanja kilichopimwa ilikuwa haina mwisho.

Kasoro iko kwenye njia. Kila muuzaji anataka auze hatua nyingi iwezekanavyo, na kila mnunuzi anataka kiwanja chake kisipungue, kwa hiyo barabara inakuwa ile iliyobaki baada ya wote kuchukua. Wa kwanza wanaingiza gari. Wa mwisho wanapita kwa mguu, upana wa jeneza na wabebaji wake. Gari la kunyonya maji taka halifiki, zimamoto haifiki, bomba linazunguka kutafuta penyo. Zaidi ya asilimia 70 ya wakazi wa jiji wamekuwa wakitajwa kuishi kwenye makazi yaliyojengeka hivyo. Profesa Lusugga Kironde wa Chuo Kikuu cha Ardhi, aliyefuatilia historia ya matumizi ya ardhi ya jiji hili tangu enzi za Mjerumani, na wenzake chuoni hapo wamelisema jambo hili kwa miaka mingi.

Serikali ilisikia. Sera ya Taifa ya Ardhi ya mwaka 1995 inakiri waziwazi kwamba miji inatapakaa na kumeza mashamba, ikaagiza vipimo vya viwanja vipunguzwe na ujenzi wa kwenda juu uhimizwe. Ni maneno mazuri, na yana miaka 30. Lakini utekelezaji mkubwa uliofuata ulielekea upande mwingine. Mwaka 2002 ulianza mradi wa viwanja 20,000. Wenye mashamba walilipwa fidia, wapima wakatawanywa pembezoni mwa jiji, Mbweni na Bunju kaskazini, Buyuni na Mwanagati magharibi, Toangoma, Kibada na Gezaulole kusini, na mwishoni vilipimwa zaidi ya 30,000. Kama kazi ya upimaji, ilikuwa ya kupigiwa mfano: bikoni zilisimama, ramani zilisajiliwa, hati zilitoka.

Kama jibu la kutapakaa kwa jiji, ulikuwa mradi wa kulitapakaza kwa mpangilio. Viwanja vingi vilikuwa vikubwa. Bei ililipwa kwa muda mfupi, kwa hiyo aliyepata ni mwenye akiba, na wenye akiba wengi hawakuwa na haja ya kuhamia. Walinunua ardhi kama wengine wanavyoweka fedha benki. Miaka ikapita, viwanja vikabaki vichaka, na kati ya kichaka na kichaka nyumba moja yenye ukuta, simtanki la maji na njia ya vumbi. Mwenye shamba aliyelipwa fidia akachukua fedha zake akanunua eneo jingine mbele zaidi, akalikata hatua 20 kwa 20. Na hakuna aliyepanga basi. Umbali wa Kibada ulipimwa kwa kivuko mpaka daraja la Kigamboni lilipofunguliwa mwaka 2016.

Ushahidi mchungu zaidi ulitoka bondeni. Desemba 2011 mvua kubwa ililijaza Bonde la Msimbazi, watu zaidi ya 40 wakafa, na familia za Jangwani, Kigogo na mabonde mengine zikapoteza nyumba. Serikali ilifanya haraka: iliwapa waathirika viwanja Mabwepande, mbele ya Bunju, na mahema ya kuanzia. Kiwanja halali cha bure, juu pasipofika maji. Mtu angeomba nini zaidi? Angeomba kazi yake. Mama aliyekuwa akichoma samaki Kigogo na kuwauza Kariakoo hakuwa na wateja Mabwepande, na nauli ya kwenda na kurudi ilikula faida yote. Wapo waliouza viwanja vyao na kurudi palepale maji yalipowatoa. Waliitwa wakaidi. Mimi nawaona kama watu waliopiga hesabu sahihi kwa nauli na kipato walichokuwa nacho.

Wakati huohuo, ofisi nyingine ilikuwa inajenga kitu kizuri. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, wakati Kleist Sykes akiwa Meya wa Jiji, Dar es Salaam ilikuwa imeazimia kuwa na mabasi yendayo haraka. Wakala wa DART ulianzishwa mwaka 2007, kampuni ya Strabag ya Austria ikaanza ujenzi mwaka 2012, na Mei 2016 mabasi yakaanza kukimbia kwenye njia yao wenyewe kutoka Kimara hadi Kivukoni, na matawi ya Gerezani na Morocco, kilomita 21 hivi. Watu wakayaita mwendokasi. Safari iliyokuwa ikichukua saa 2 na zaidi kwenye foleni ilishuka chini ya saa 1. Mwenye kiti cha magurudumu aliweza kuingia basini bila kubebwa. Jiji lilipewa Tuzo ya Usafiri Endelevu ya mwaka 2018, na liliistahili. Kabla yake, Oktoba 2012, treni ya abiria wa mjini nayo ilikuwa imerudi relini kwa msukumo wa Waziri wa Uchukuzi, Dakta Harrison Mwakyembe, na wakazi wakaiita kwa jina lake.

Mwendokasi una matatizo yake na yanajulikana: mabasi yalipungua kwa kuharibika, foleni za asubuhi Kimara zikarefuka, karakana kuu ikajengwa Jangwani ndani ya bonde lilelile la mafuriko na mabasi yakaingiwa na maji. Njia ya Mbagala ilikamilika ikakaa ikisubiri mabasi. Yote hayo yanarekebishika kwa fedha na usimamizi. Upungufu mkubwa zaidi haukuwa barabarani, na ili kuuona inabidi twende mpaka Brazili.

Wazo la njia maalumu za mabasi lilitufikia kupitia Bogotá, na Bogotá ililipata Curitiba. Huko, Jaime Lerner alipokuwa meya, mabasi ya haraka yalianza mwaka 1974. Lakini kabla ya basi la kwanza kuondoka, jiji lilikuwa limeshaamua ardhi. Mpango wake wa 1966 ulichora mihimili ya ukuaji, na sheria ikaruhusu majengo marefu kandokando ya mihimili hiyo tu, urefu ukipungua kadiri unavyosogea mbali. Halmashauri ilinunua ardhi mapema karibu na njia hizo ili watu wa kipato cha chini wapate nyumba. Abiria wa Curitiba, kwa hiyo, waliletwa karibu na kituo na sheria ya ujenzi. Basi lilikuja kuwachukua.

Sisi tulichukua basi tukaiacha ardhi. Shuka Kimara, ngazi mbili kutoka kituoni, na utazame kushoto na kulia: nyumba za chini zinapanda vilima, njia za hatua zinajipinda kati yake, fremu za maduka ziko mbele, na mabango ya madalali yanatangaza viwanja Kibamba, Kiluvya na Kibaha. Mamilioni ya dola yaliwekwa kwenye zege, na aliyefaidika ni yule aliyeweza sasa kuishi mbali zaidi na bado awahi kazini. Mwaka 2017 mamia ya nyumba kuanzia Kimara kwenda Kiluvya zilibomolewa kwa kuwa ndani ya hifadhi ya barabara, na njia ikapanuliwa hadi Kibaha kwa kilomita 19 hivi. Foleni ilipungua. Mashamba ya mbele yakapanda bei, na safari ya Kimara Mwisho ikawa ya watu wanaokaa karibu.

Hata hivyo, mji huu umeshaonyesha mara kadhaa kwamba unaweza kusimama. Kariakoo yenyewe imefanya hivyo kuanzia miaka ya 1990: nyumba za vyumba sita zimeng'olewa, yakapanda majengo ya ghorofa sita, nane, kumi, mara nyingi kwa ubia wa familia yenye kiwanja na mfanyabiashara mwenye fedha. Lakini ilifanywa kwa haraka na bila jicho la kutosha. Tarehe 16 Novemba 2024 jengo lilianguka pale na kuua watu takriban 30, msiba uliotuonyesha wote kwamba kwenda juu bila ukaguzi ni hatari kuliko kutapakaa. Vyumba vingi vya Kariakoo mpya, isitoshe, vimekuwa maghala na maduka; waliokuwa wakiishi pale wamekwenda Mbagala na Chanika.

Mfano ninaoupenda zaidi uko Magomeni Kota. Nyumba kongwe za pale zilibomolewa mwanzoni mwa miaka ya 2010, kaya 644 zikatawanyika mjini zikipanga huku na kule, na eneo likakaa tupu kwa miaka. Rais John Magufuli aliahidi mwaka 2016 kwamba watarudishwa. Wakala wa Majengo ukajenga maghorofa, na Machi 2022 Rais Samia Suluhu Hassan akayafungua: nyumba 644, kwa kaya 644. Wakazi walirudi mtaa uleule, soko lilelile, na kituo cha mwendokasi kiko karibu, pa kwenda kwa miguu. Kuna bibi wa rika la kwanza la Magomeni anayepanda lifti kwenda kwake. Ardhi iliyotosha nyumba za chini imebaki na nafasi. Hakuna shamba hata moja lililoliwa.

Kinachotakiwa kimeshajulikana, basi, na tumekifanya kwa mikono yetu: Sinza kwa viwanja vidogo vilivyopimwa kabla, Magomeni kwa ghorofa za wakazi walewale, mwendokasi kwa usafiri. Kilichokosekana ni kuvifanya vitatu hivyo mahali pamoja na kwa wakati mmoja. Mpango kabambe wa 1979 ulifikia mwisho wake mwaka 1999, na jiji likakaa karibu miongo miwili bila mwingine. Sasa tunao wa 2016 hadi 2036, na muda wake unakwenda. Njia ya mabasi ya Barabara ya Nyerere kwenda Gongo la Mboto imejengwa kuanzia 2022, na ya Barabara ya Bagamoyo kwenda Tegeta kuanzia 2023.

Rai yangu ni kwa Wizara ya Ardhi, halmashauri za Dar es Salaam, DART na mabenki, na ni ndogo kuliko mradi wowote uliotajwa hapa. Chukueni mwendo wa dakika 10 kwa miguu kuzunguka kila kituo cha njia hizo mbili. Rasimisheni viwanja vya watu waliopo, waruhusuni majirani wawili watatu waunganishe hatua zao wajenge ghorofa tatu au nne, wapeni mkopo wa muda mrefu kwa dhamana ya hati hiyo, na mkague kila nguzo inayosimama. Mwenye nyumba abaki kuwa mwenye nyumba na apate wapangaji juu yake, kama babu yake alivyofanya Kariakoo. Na kwa miaka hiyo, msipime kiwanja kingine chochote cha makazi mahali ambapo hamjapanga basi. Wananchi nao, kabla ya kulipia hatua 20 kwa 20 Mapinga au Vikindu, wapige hesabu ya nauli ya familia nzima kwa miaka kumi, waiongeze kwenye bei ya kiwanja, ndipo waseme ni rahisi.